Nyuki Ndani ya Kikapu

Jina lake silitaji, na sidhani kama atanilaumu, maana hata yeye alikuwa halitumii. Kasulu nzima ilimwita Fundi. Mchungaji alimwita Fundi mbele ya waumini, wauza dagaa sokoni walimwita Fundi, na siku alipoitwa jina lake la kwenye kitambulisho katika dirisha la ofisi fulani, alibaki kwenye benchi akiwaangalia watu mpaka mlinzi alipomgusa bega. Mafundi cherehani wamejaa mjini pale, kila baraza la duka la vitenge lina wake. Lakini ukisema unakwenda kwa Fundi, hakuna aliyekuuliza fundi yupi.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, na mgongo wake ulikuwa umeanza kuinama kuelekea kwenye cherehani. Futi kamba ilikaa shingoni mwake hata Jumapili. Tulimtania kwamba akifika mbinguni atampima malaika mabega kwanza ndipo aulize njia, naye akajibu, "Na nitampima. Zile kanzu zao zinaonekana hazina kwapa." Alikuwa hatanii. Nguo mbaya ilimuumiza kama jino.

Nilikwenda kwake kujifunza, nikakaa miaka. Wengine walijifunza wakaondoka kufungua vibanda vyao, mimi na mwenzangu Neema tukabaki, kila mwaka tukisema huu ndio wa mwisho. Watu waliponiuliza nafuata nini pale nilisema kazi. Ukweli ni kwamba nilimpenda yule mama, na nilipenda namna alivyokuwa akikaa na kitu kimoja mpaka kiishe.

Ukiingia dukani kwake, kabla hata ya salamu, uliona kikapu. Kilikaa kwenye rafu ya juu, karibu na mabunda ya bitana: kikapu cha mfuniko uliochongoka, cha aina ile ambayo huku kwetu watu hupelekea unga kwenye harusi. Kila asubuhi simu zetu ziliingia humo. Yake ilitangulia, zetu zikafuata, mfuniko ukarudi mahali pake. Saa saba mchana kikapu kilishushwa, saa nane kikapandishwa tena. Jioni kila mtu alichukua yake akaenda zake.

Hakutaka simu zizimwe. Alisema ukimzimia mtu simu atakaa anaiwaza kutwa, bora asikie kwamba ipo na haijafa. Kwa hiyo tuliziweka kwenye mtetemo, na siku nzima juu ya vichwa vyetu palikuwa na mngurumo mdogo, unakuja, unakatika, unarudi. Fundi alikulia jirani na mizinga, upande wa Kibondo, na kwake mngurumo ule haukuwa na jina lingine.

"Nyuki," alisema bila kuinua macho. "Waacheni. Wamekaa kwao."

Mteja mgeni alikuwa akitazama darini kwa wasiwasi, na mmoja alishawahi kukimbilia barabarani na nguo ikiwa imefungwa nusu. Sisi tulicheka mpaka tukashindwa kutunga uzi. Baada ya muda nilizoea. Nilikuwa nikisikia simu yangu ikinguruma, najua kabisa ni yangu, na mkono wangu unaendelea kupinda pindo. Sijawahi kuwa na utulivu kama ule tena.

Msidhani alizichukia simu. Saa saba ilipofika na kikapu kikashuka, Fundi ndiye aliyenyoosha mkono kabla ya wote, na hakuwa akitaka ya kwake. Ya kwake ilikuwa kitochi, ya vitufe. Alitaka ya Neema, yenye kioo kikubwa. "Niwekee yule mbuzi," alisema. Mbuzi mwenyewe alikuwa wa kwenye video fupi, anamvizia bwana mmoja anayejipiga picha kando ya zizi, kisha anampiga pembe na bwana anatua kwenye ndoo. Fundi aliitazama video ile kila siku ya Mungu na kila siku alicheka mpaka machozi, akijipiga paja, akimtaka mbuzi aachiwe tena. Tulimletea video nyingine, akatazama kwa adabu, kisha akauliza, "Na yule mbuzi hajambo?"

Saa nane alikuwa anajifuta macho kwa upindo wa kanga na kurudisha simu kikapuni yeye mwenyewe. Nilimuuliza kama haoni tabu kuacha kicheko katikati.

"Ukitaka kucheka, cheka," alisema. "Ukitaka kukata, kata. Ila usinichekee na mkasi mkononi, Yusta."

Kukata ndiko kulikokuwa na mwiko. Kushona unaweza kufumua, alisema, lakini mkasi haurudi nyuma. Wateja wetu walikuwa watu wa mashamba ya maharage na tangawizi, walimu, wafanyabiashara wadogo, wakimbizi waliotoka kambini Nyarugusu kwa kibali. Wengi walileta kitambaa kimoja, walichokinunua baada ya mavuno au kupewa na mtu ambaye hayupo tena. Kwa hiyo kabla ya kukata, ilikuwa lazima utaje mwenye kitambaa, kwa sauti, na kila mtu asikie. "Hiki ni cha Mama Sifa, wa kwaya." Ndipo mkasi unaingia. Kama jina halikujii, au limekujia huku unawaza jambo jingine, unaweka mkasi chini na kwenda kunywa maji. Kuanzia jina mpaka kipande cha mwisho, hakuna kusemeshwa. Siku moja diwani aliingia akasalimia, Fundi akiwa katikati ya suruali ya mtu. Diwani alikaa kwenye benchi na watoto wa shule waliokuja kuweka zipu, akangoja zamu yake ya kuitikiwa. Mkasi ulipotua, Fundi aligeuka akiwa na furaha tele, "Eee mheshimiwa, karibu, umefika sasa hivi?"

Na kupima hakukuwa rahisi zaidi. Alikuja ofisa mmoja wa serikali, mtu mkubwa kwa cheo na kwa umbo, anataka suti ya kuvaa kwenye sherehe ya kazini. Fundi akamzungushia futi kamba kiunoni, simu ya ofisa ikaita, naye akapokea. Ilikuwa dhahiri anaongea na mkubwa wake, maana alisimama wima kama kwenye wimbo wa taifa. Fundi akaiachia futi kamba ikaning'inia, akakunja mikono.

"Endelea tu, mama," ofisa alisema akiwa ameziba simu.

"Oya, hapana, baba. Nakupima wewe, si mkubwa wako. Ukiongea naye unaingiza tumbo. Nikikupima hivyo, siku ya sherehe suruali itakuchanikia."

Sisi tuligeukia ukutani ili tucheke. Ofisa alikasirika kidogo, akaaga kwenye simu, akaachia tumbo. Akapimwa tumbo lake la kweli. Suti ilimkaa, na tangu siku ile akawa anaweka simu kikapuni bila kuambiwa, akiingia kama mtu anayeacha viatu mlangoni.

Nisimfanye mtakatifu. Alikuwa mbishi, alinuna kwa siku nzima kwa sababu ya tundu la kifungo, na mtu aliyechelewa kazini alimwamkia kwa sauti ya upole inayokera kuliko matusi. Halafu kulikuwa na maharage. Fundi alikuwa na jiko la mkaa nyuma ya duka, akibandika chakula cha mchana kila asubuhi, na kila siku aliyaunguza. Nasema kila siku. Akili yake ilikuwa na nafasi ya kitu kimoja, na kitu hicho hakikuwa sufuria. Tulijitolea kupika sisi, akakataa, akisema kupika kwake kunampumzisha. Tukala maharage yenye harufu ya moshi miaka ile yote. Nilipohamia kwingine nikala maharage yasiyoungua, niliyaona yamepooza.

Aliyekula maharage hayo kuliko sisi sote alikuwa mwanawe, mtoto wake pekee, aliyekulia chini ya meza ya kukatia akichezea vibiringo vya uzi. Alipokuwa mkubwa alikwenda Iringa kufanya kazi kwenye mashine za kupasulia mbao. Fundi alimwongelea mara chache, lakini alimwongelea kwa namna ile ile ya kutaja wenye vitambaa: jina kwanza, kisha kimya, kisha habari. Kijana alipenda kupiga simu akipata nafasi, na nafasi yake haikufuata saa zetu. Alipiga saa nne asubuhi mashine ikiharibika. Alipiga saa tisa wakisubiri magogo. Kikapu kilinguruma, Fundi akasema nyuki, na jioni akakuta amemkosa. Akimpigia, simu ya kijana haipatikani, maana kambi yao ilikuwa msituni na mtandao ulishikika kwenye kilima kimoja tu. Hivyo wakawa wanapishana, mama na mwana, kama watu wawili wanaotafutana sokoni.

Tulimwambia simu yake aiweke nje ya kikapu kwa ajili ya mwanawe, nani angemlaumu? Alikataa. Alisema akiacha yake, kesho Neema ana mchumba, keshokutwa mimi nina mama mgonjwa, na kitambaa cha mtu kinakatwa na nani? Alisema hivyo kwa ukali, lakini siku hiyo alipotunga sindano ilimchukua muda.

Sasa nifike kwenye habari ya ndege wa kitambaani, ingawa Fundi angekuwa karibu angeniomba niiruke.

Alikuja mama mmoja wa Kikongo kutoka Nyarugusu, Mama Bahati, muuza maandazi, mcheshi, mtu wa kumkumbatia kila anayemkuta. Alileta liputa, kitenge cha zamani kilichofubaa kidogo, chenye ndege wakubwa wa buluu waliosimama kwa miguu mirefu. Mama yake alimpa kabla hawajakimbia. Alikibeba kichwani, akakilalia kama mto, akakataa kukiuza hata siku za njaa. Sasa bintiye anaolewa na yeye anataka gauni, avae ndege wale siku hiyo. Kitambaa kilitosha gauni moja, kwa kubana.

Fundi alikitandaza mezani asubuhi. Kitambaa chenye picha kina kichwa na miguu, hilo ni somo la wiki ya kwanza. Ukikigeuza, picha inasimama kichwa chini. Akataja jina: "Hiki ni cha Mama Bahati, wa Nyarugusu." Akachora kwa chaki. Ndipo kikapu kikaanza. Kilinguruma, kikanyamaza, kikanguruma tena, tena, bila kupumzika, na Neema, ambaye alikuwa kwenye ngazi akishusha bitana, akachungulia.

"Fundi, ni yeye. Ni mwanao."

Miezi ilikuwa imepita hawajasikilizana sauti. Fundi alisimama na mkasi mkononi. Nilimwona akipigana. Kisha akanyoosha mkono, Neema akampa simu, akaibana kati ya sikio na bega, na uso wake wote ukafunguka. "Ego! Ego, mwana wanje, mwanangu! Umekonda?" Akawa anacheka, anazunguka meza, anauliza habari za baridi ya Iringa, anakigeuza kitambaa kukinyoosha, anachora upya mstari uliofutika, na mkono wake uliozoea ukaanza kukata. Sisi tulikuwa tunamtazama usoni. Tulifurahi naye. Hakuna kati yetu aliyetazama meza.

Alipoaga na kuinua kipande cha mbele, ndege wote walikuwa wanaangalia chini, miguu juu.

Hakupiga kelele. Alikitandaza tena, akakigeuza, akajaribu kukipanga na kilichobaki, na kilichobaki hakikutosha kukata kingine. Tulijaribu hesabu zote tunazozijua. Mwisho alikaa kwenye kiti, akaweka mikono mapajani, akasema, "Mtu alikibeba kichwani kutoka Kongo." Basi. Neema alianza kulia.

Nilimwambia aniachie mimi nimweleze Mama Bahati. Alikataa hilo pia. Mama Bahati alipokuja kupima, Fundi alisimama, akakiinua kipande kwa mikono miwili, akamwambia mbele yetu na mbele ya wateja wengine: nilikuwa naongea na simu, nimekiharibu, sina cha kukurudishia.

Mama Bahati alikitazama kipande kwa muda mrefu. Alikigusa kwa kidole, ndege mmoja baada ya mwingine. Kisha akakichukua, akajiwekea kiunoni kama tayari ni gauni, akainamisha kichwa kujitazama. Alipoinua uso alikuwa analia na anatabasamu.

"Mama, sikia. Weye unaona ndege banaanguka," alisema. "Mimi nikiinama, banasimama. Bananiangalia. Mama yangu alinipatia mimi, hakupatia batu ba barabarani."

"Unanifariji," Fundi alisema.

"Hapana. Nyuma ni ya macho ya batu, ukate sawasawa. Mbele ni yangu. Acha vile."

Na ndivyo tulivyoshona. Tuliambiwa alicheza harusi nzima akijitazama tumboni. Fundi hakujisamehe. Kila mtu aliyemsifu Mama Bahati kwa maneno yale, Fundi alimjibu kwamba moyo mzuri wa mteja haumsafishi fundi.

Jioni ya siku ile ile ya mkasi alipanda hadi penye mtandao mzuri, karibu na chuo cha ualimu, akajaribu mpaka akampata mwanawe, ambaye jioni ile, kwa bahati, alikuwa amepanda kilimani kwao. Mimi nilikuwa naye. Alimwambia, "Usinipigie tena nikiwa kazini." Kijana akauliza basi ampigie lini, maana saa saba yeye yupo kwenye mashine na jioni hana mtandao. Fundi akarudia maneno yale yale. Alikuwa bado anaona ndege. Kama angesema, mwanangu, leo nimeharibu kitu na ninaumia, nadhani kijana angeelewa. Alisema tu usipige. Na kijana akasema, nilimsikia kwa sababu simu ile ilikuwa na kelele, "Sawa, mama. Nguo za watu ndizo watoto wako." Akakata.

Hakupiga tena. Salamu zilikuja kwa mashangazi na kwa madereva. Kikapu kiliendelea kunguruma kila siku, na nilikuwa nikimwona Fundi akisikiliza kwa sekunde moja kabla ya kusema nyuki.

Baadaye nilihamia Kibondo nikafungua duka langu. Nina cherehani mbili, overloki, na simu kubwa, kwa sababu siku hizi mteja hakuchorei mshono, anakutumia picha. Naingia mtandaoni kutazama kola moja. Natoka nikiwa najua nani kaachana na nani Dar es Salaam, nani kanunua gari, namna ya kupika keki kwenye sufuria, na mkono wa gauni bado umelala mezani. Nilijaribu kuificha simu kwenye droo, nikawa naenda kwenye droo. Mama mmoja wa Murungu alifuata gauni la kipaimara la bintiye, akakuta lina mkono mmoja, akalichukua hivyo hivyo akaenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Hakunitukana. Nilitamani angenitukana. Kesho yake nilipanda basi la Kasulu kwenda kumwomba Fundi kikapu chake.

Nilijua macho yake yamepata ukungu na kwamba amefunga duka. Sikujua nitamkuta vipi. Nilimkuta nyumbani, barazani, kwenye kiti cha kamba, futi kamba shingoni. Mapajani alikuwa na simu kubwa mpya, ameishika kwa mikono miwili kama kitoto cha kuku.

"Mwakeye, Fundi," nilimwamkia kwa Kiha.

"Ego. Yusta?" Alinijua kwa sauti. "Karibu, mwana wanje. Umenenepa, nasikia ubao wa baraza unavyolia."

Nilimuuliza ile simu ameipata wapi. Aliniambia mwanawe aliposikia habari ya macho aliituma kwa dereva wa basi, ina kioo kikubwa apate kuona. Namba yake ameiweka ndani, na dereva alisema siku hizi mtandao umefika mpaka kwenye mashine zao.

"Amesemaje?"

"Hajasema. Ameituma tu."

"Hajapiga?"

"Mimi ndiye niliyemwambia asipige."

Nikamwambia basi tumpigie sisi. Hapo alinigeukia, macho yake yenye ukungu yakanitafuta.

"Oya. Mtu yupo kwenye msumeno, Yusta. Simu inaita, anageuka. Mimi niligeuka nikaharibu ndege. Yeye ana vidole."

Nilielewa kwamba amekaa pale kutwa, siku nyingi, ameshika simu, akiwa na hamu ya mwanawe mpaka inamuuma, na asichokithubutu ni kubonyeza. Kanuni aliyotufundisha sisi alikuwa ameigeuza ukuta na kukaa upande mmoja. Nilihisi hasira, na huruma, na nikataka kumkumbatia na kumtikisa kwa pamoja.

Nilimweleza kuwa siku hizi unaweza kumtumia mtu sauti yako. Haiiti. Inatua, inakaa, anaifungua mwenyewe akiwa na nafasi.

"Inakaa kama kikapuni?"

"Kama kikapuni."

Alifikiri. Akajiweka vizuri kwenye kiti, akavuta futi kamba ikae sawa. Nikaibonyeza, nikaishika karibu na mdomo wake. Alitaja jina la mwanawe, kwa sauti, kila mtu asikie, kisha akakaa kimya kidogo kama zamani kabla ya mkasi kuingia.

"Ni mama," alisema. "Siku ile nilikuwa nimeharibu kitambaa cha mtu. Hasira haikuwa yako. Usipige ukiwa kwenye mashine, maliza kwanza. Mimi sina kazi tena. Nipo."

Nikaituma. Akauliza imefika? Nikasema imefika, hajaifungua. Akauliza tena. Nikaona bora tupike. Kikapu kilikuwa jikoni, kimejaa maharage. Nikayamwaga kwenye sinia, nikachambua, nikabandika, nikarudi barazani na kikapu kitupu mkononi. Nilimwambia nilichokuja kuomba. Alicheka.

"Vipo sokoni, vinasukwa kila wiki. Hicho ni cha maharage."

Simu yangu ikatetemeka mfukoni, wateja wa Kibondo na picha zao. Bila kusema kitu nikaiweka kikapuni, nikafunika. Tukakaa. Tuliitazama ile simu yake, yeye kwa ukungu, mimi kwa macho yangu mazima, wote wawili tukiwa hatuna kitu kingine duniani. Sijui tulikaa muda gani. Ninachojua ni kwamba moshi ulianza kutoka jikoni na hakuna aliyeinuka.

Ikaita. Aliruka kama amechomwa. Nikamsaidia kubonyeza, nikaweka sauti kubwa. Kwanza tulisikia mashine peke yake, msumeno unalia kwenye mti, na Fundi akafumba macho kwa hofu. Kisha mlio ukashuka, ukashuka, ukafa.

"Nimeizima, mama," kijana alisema. "Sasa sema. Nakusikiliza."

Machozi yalikuwa yanamshuka Fundi mpaka kwenye futi kamba.

"Mama? Upo? Unafanya nini?"

"Naunguza maharage," alisema.

Upande wa pili kijana akaangua kicheko, kicheko cha mtoto wa chini ya meza, na yeye akacheka, akajipiga paja kama siku za yule mbuzi. Kikapuni simu yangu ikaanza kunguruma tena. Ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma.

"Mama, nini hicho kinalia hapo?"

"Nyuki," alisema Fundi, bila kugeuza kichwa. "Waache. Endelea, mwana wanje."